HOMA YA INI: Usingoje Macho Yawe Manjano

Mnamo Machi 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa homa ya manjano ilikuwa imezuka katika Kaunti ya Isiolo. Wagonjwa wengi walitoka sehemu za Merti na Garbatulla, na baadhi yao waliaga dunia. Ikiwa wewe ni mkazi wa Isiolo, au una jamaa zako huko, bila shaka unaikumbuka hofu ya siku zile. Mtu akionekana na macho yenye rangi ya manjano, watu walishtuka.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini kuna dhana mbili kuhusu manjano ambazo zinaweza kumgharimu mtu maisha yake. Ya kwanza ni kwamba kila mwenye macho ya manjano ana ugonjwa ule ule mmoja. Ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, ni kwamba mtu ambaye macho yake ni meupe hana tatizo lolote la ini.

Mpendwa msomaji, aina ya homa ya ini inayowaua watu wengi zaidi duniani ni ile ambayo aghalabu haibadilishi rangi ya macho hata kidogo, mpaka ini liwe limeharibika kabisa. Ndiyo maana ni muhimu uelewe ugonjwa huu unavyofanya kazi, na uchukue hatua ungali mzima.

INI NI NINI NA LINAFANYA NINI?

Umewahi kumtazama mchinjaji akipasua mbuzi? Anapofika kwenye ini huwa mwangalifu sana asikitoboe kifuko kidogo cha rangi ya kijani kilichoshikamana nalo. Hicho ni kifuko cha nyongo, na kikipasuka nyama yote iliyo karibu huwa chungu. Ngamia hana kifuko hicho, lakini ini lake hutengeneza nyongo vilevile.

Ini la binadamu liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Damu yote inayotoka matumboni ikiwa imebeba chakula hupitia humo kwanza kabla ya kusambaa mwilini. Ini huhifadhi sukari na kuitoa mwili unapoihitaji, kwa mfano wakati wa kufunga. Hutengeneza protini zinazozuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa, na nyingine zinazoifanya damu igande mtu anapojikata. Hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta. Zaidi ya hayo, hupunguza makali ya sumu, ikiwa ni pamoja na pombe na dawa tunazomeza.

Kiungo hiki kina sifa mbili za ajabu. Kwanza, kinaweza kujikuza upya baada ya kuumia. Pili, ni kivumilivu mno. Ndani ya ini hakuna neva za kuhisi maumivu, kwa hiyo linaweza kuumia kwa miaka mingi bila ya mwenyewe kuhisi lolote. Uvumilivu huo ndio unaotuponza.

MANJANO HUTOKA WAPI?

Chembechembe nyekundu za damu huishi kwa muda wa siku 120 hivi, kisha huvunjika. Mabaki yake hutoa rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Kwa kawaida ini huichukua rangi hiyo, huitia ndani ya nyongo na kuipeleka matumboni, nayo hutoka pamoja na choo. Ndiyo inayofanya choo kiwe na rangi ya kahawia.

Ini likiwa na uvimbe, kazi hiyo hukwama. Rangi hubaki katika damu, ikaonekana kwenye weupe wa macho na baadaye kwenye ngozi. Mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na choo huenda kikawa cheupe kama udongo. Mgonjwa huchoka sana, hukosa hamu ya chakula, hutapika na kuhisi uzito chini ya mbavu za kulia.

Manjano, basi, si ugonjwa. Ni dalili, kama vile moshi ulivyo dalili ya moto. Huwezi kujua kinachoungua kwa kuutazama moshi peke yake.

Malaria kali inaweza kuleta manjano kwa kuvunja chembechembe nyingi za damu kwa wakati mmoja. Vijiwe vinavyoziba njia ya nyongo huleta manjano. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo Kaunti ya Isiolo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoripoti wagonjwa wake mwanzoni mwa 2021, inaweza kulidhuru ini pia. Homa ya manjano huenezwa na mbu, na chanjo yake moja tu hukinga maisha yote. Lakini ikiwa ulichanjwa dhidi ya homa ya manjano, usidhani kwamba umekingwa dhidi ya homa ya ini. Hayo ni maradhi mawili tofauti, yanayoletwa na virusi tofauti, na kila moja lina chanjo yake.

VIRUSI VITANO, NJIA MBILI

Homa ya ini inayoletwa na virusi ina aina tano kuu, nazo zimepewa herufi A, B, C, D na E. Usitishwe na herufi hizo. Kumbuka tu kwamba kuna njia mbili. Aina ya A na E huingia kwa mdomo, kupitia maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Aina ya B, C na D huingia kwa damu na majimaji ya mwili.

Tuanze na zile za maji. Mtu aliyeambukizwa aina ya A hukaa wiki mbili hadi nne kabla ya kuugua. Aina ya E huchukua wiki tano au sita hivi. Ndiyo sababu mgonjwa hukumbuka chakula cha jana na kukilaumu, kumbe ni maji aliyokunywa mwezi uliopita. Wengi hupona wenyewe baada ya wiki kadhaa, na virusi hivi havikai mwilini kwa miaka kama aina ya B. Watoto wadogo wakipata aina ya A mara nyingi hawaonyeshi dalili yoyote. Mtu mzima ndiye anayelazwa kitandani.

Hata hivyo, aina ya E ina ukatili wake. Huwashambulia vibaya wanawake waja wazito, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Miongoni mwa wale wanaougua wakati huo, hata mmoja kati ya wanne au watano anaweza kufa. Jirani zetu wa Garissa wanayajua haya. Mnamo 1991 ugonjwa huu ulizuka katika kambi ya wakimbizi ya Liboi. Mnamo 2012 ulizuka tena katika kambi za Dadaab, ambako zaidi ya watu 300 waliugua, na wengi wa waliofariki walikuwa akina mama.

Isiolo si kambi ya wakimbizi, lakini shida ya maji inafanana. Kati ya 2020 na 2023 kaskazini mwa Kenya ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Wakati wa ukame watu na mifugo hugombea kisima kimoja. Wakati wa mafuriko maji huzoa uchafu wa vyoo na kuumwaga katika mito na visima. Hali zote mbili zinampa kirusi nafasi.

Kwa hivyo chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, uyaache yaendelee kutokota kwa angalau dakika moja, kisha yahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko. Mtungi ulioletwa na mkokoteni wa punda unaweza kuwa na maji maangavu yasiyo salama, kwani kirusi hakionekani kwa macho. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kula. Osha matunda. Na wewe utafunaye miraa, kumbuka kwamba kitita hicho kimepita katika mikono mingi tangu kilipotoka shambani.

AINA YA B: ADUI ASIYEBISHA HODI

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mnamo 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B, na milioni 50 walikuwa na aina ya C. Mwaka huo virusi vya homa ya ini viliwaua watu milioni 1.3 duniani. Katika kila vifo kumi, zaidi ya vinane vilitokana na aina ya B. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba ni watu 13 tu katika kila 100 wenye aina ya B waliokuwa wamepimwa na kujua hali yao. Kati ya maambukizi yote mapya ya aina hiyo, zaidi ya nusu yalitokea barani Afrika.

Je, mtu anawezaje kuishi na ugonjwa kama huo bila ya kujua? Jibu liko katika umri aliokuwa nao alipoambukizwa.

Mtu mzima akiambukizwa aina ya B, kinga ya mwili wake hupigana vikali. Pengine ataugua na macho yatakuwa manjano. Lakini vita hivyo huishia kwa ushindi, kwani katika watu wazima 100, zaidi ya 95 hukifukuza kirusi kabisa. Mtoto mchanga ni kinyume. Mwili wake haujajua kumtambua adui, hivyo haupigani. Haugui, hapati homa, macho yake ni meupe kama maziwa. Lakini katika watoto wachanga 100 wanaoambukizwa, 90 au zaidi hubaki na kirusi hicho maisha yao yote.

Tafakari jambo hilo vizuri. Manjano ya mtu mzima mara nyingi ni ishara kwamba mwili unapigana. Yule ambaye hakuugua ndiye anayebeba hatari, na huenda akaibeba kwa miaka 30 au 40 akichunga mifugo, akisoma, akioa na kufanya kazi, bila ya kujua.

Kirusi cha B huenea kwa njia hizi: kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kati ya watoto wadogo wanaoishi pamoja, kupitia vidonda na mikwaruzo, kwa kujamiiana bila ya kinga, na kwa kila chombo chenye ncha kali kinachotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Huko ni pamoja na nyembe, mashine ya kinyozi, sindano, visu vya tohara, vyombo vya kutobolea masikio na vya kung'olea meno. Kirusi hiki ni kigumu. Kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Tone la damu lililokauka kwenye wembe, ambalo hulioni, linatosha.

Hakienei kwa kusalimiana kwa mikono, kula sahani moja, kukumbatiana, kukohoa, wala kuumwa na mbu. Mama mwenye kirusi hiki anaweza kumnyonyesha mtoto wake.

Aina ya D ni kupe. Haiwezi kuishi mwilini bila ya aina ya B, lakini zikikutana huliharibu ini kwa kasi zaidi. Anayejikinga na B amejikinga na D pia.

Aina ya C huenea zaidi kwa damu, hususan kwa sindano. Nchi ya Misri ilijifunza hayo kwa uchungu. Kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950, watu wengi vijijini walidungwa dawa ya kichocho kwa sindano zilizotumiwa tena na tena, na homa ya ini aina ya C ikaenea nchi nzima. Lakini Misri pia imetupa matumaini. Kuanzia 2018 serikali iliwapima makumi ya mamilioni ya watu na kuwatibu waliopatikana nayo. Siku hizi aina ya C inapona. Vidonge vya kumeza kwa wiki 8 hadi 12 huwaponya wagonjwa 95 katika kila 100. Chanjo yake bado haijapatikana.

INI HUFA POLEPOLE

Kirusi cha B chenyewe hakilili ini. Kinacholiumiza ni vita vya miaka mingi kati yake na kinga ya mwili. Kila sehemu inayoumia hupona kwa kuacha kovu. Kovu moja si kitu. Makovu ya miaka 20 ni jambo lingine. Ini lililokuwa laini hugeuka kuwa gumu, lenye vinundu, nalo husinyaa. Damu haipenyi tena humo kwa urahisi.

Hapo ndipo dalili zinapoanza, na wakati huo muda umekwisha kuyoyoma. Tumbo hujaa maji na miguu huvimba, kwa sababu ini halitengenezi protini za kutosha na damu imezibiwa njia. Mishipa ya kooni hufura, ikapasuka, mgonjwa akatapika damu. Sumu isiyosafishwa hupanda ubongoni, mtu akachanganyikiwa, akalala mchana na kukesha usiku. Macho sasa huwa manjano. Baadhi yao hupata kansa ya ini. Kansa hiyo inaweza kumpata mwenye aina ya B hata kabla ya ini kuwa gumu, na mara nyingi huwashika watu wangali na nguvu za kulea familia.

Yapo mambo yanayoharakisha maangamizi hayo. La kwanza ni pombe. La pili ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaomea kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mnamo 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 kuugua, hasa katika Makueni na Kitui, na 125 kati yao walikufa kwa ini kushindwa kufanya kazi. Wataalamu waliochunguza maafa hayo waligundua kwamba wenye kirusi cha B walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Sisi wa sehemu kavu tunaonunua mahindi yaliyotoka mbali tunapaswa kuyakagua. Yenye rangi ya kijani au nyeusi au harufu ya uvundo yatupwe, wala mbuzi na kuku wasipewe. Kuyaosha au kuyapika hakuondoi sumu hiyo.

La tatu ni dawa zinazomezwa kiholela. Paracetamol ni dawa nzuri, lakini ikizidi kipimo hulidhuru ini vibaya. Hali kadhalika mitishamba ambayo hujui imechanganywa na nini.

KUCHOMWA NA MITISHAMBA

Wasomali huyaita maradhi haya "cagaarshow", na katika jamii kadhaa za wafugaji kuna desturi ya kumchoma mgonjwa kwa chuma au kijiti cha moto, kwenye mkono au tumboni, ili manjano yatoke. Wako wanaoapa kuwa walipona kwa njia hiyo, nao hawasemi uongo, kwani ni kweli walipona.

Lakini fikiri kidogo. Aina ya A na E hupona zenyewe baada ya wiki chache. Mtu mzima mwenye aina ya B aghalabu hupona mwenyewe. Mgonjwa akichomwa katika wiki ya pili, katika wiki ya tano manjano huwa yamekwisha, na sifa zote humwendea mchomaji. Angekunywa maji na kupumzika tu, yangekwisha vilevile. Kidonda cha moto kinaweza kuoza, na chombo kinachopita kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine kinaweza kubeba damu. Hasara kubwa zaidi ni kwamba mtu huyo huenda nyumbani bila ya kupimwa. Ikiwa manjano yake yalitokana na aina ya B iliyojificha tangu utotoni, moto haukukigusa kirusi.

Heshimu wazee wako, lakini mpeleke mgonjwa hospitalini kwanza. Atakayekuwa na manjano kisha akaanza kuchanganyikiwa, kutokwa na damu au kutapika bila kukoma, asilale nyumbani hata usiku mmoja. Hali kadhalika mja mzito yeyote mwenye macho ya manjano, na mtoto mchanga ambaye manjano yake yalianza siku ile ile aliyozaliwa au yanazidi.

PIMA UJUE

Kipimo cha kutambua aina ya B ni rahisi. Tone la damu hutiwa kwenye kijikaratasi maalum na majibu hutoka baada ya dakika chache. Watu wengi huyapata majibu hayo bila ya kutarajia. Mmoja amekwenda kutoa damu kumsaidia jamaa, kwa sababu damu yote inayotolewa hupimwa aina ya B na C. Mwingine ni kijana anayetafuta kazi Saudia au Qatar, ambako homa ya ini ni miongoni mwa vipimo vya lazima. Anaambiwa hafai kusafiri, anarudi nyumbani kwa aibu, hasemi neno. Aibu hiyo ni hatari kuliko kirusi chenyewe.

Ukiambiwa una aina ya B, fahamu kwamba hujahukumiwa kifo. Muulize mhudumu mambo matatu. La kwanza, ini langu likoje? Litajulikana kwa vipimo vya damu na kwa picha ya tumbo. La pili, wingi wa virusi katika damu yangu ni kiasi gani? La tatu, je, ninahitaji dawa sasa, au nitafuatiliwa tu? Si kila mtu huanza dawa mara moja, lakini kila mtu anahitaji kurudi kupimwa, mara nyingi kila miezi sita.

Dawa inayotumiwa sana huitwa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Ni dawa ile ile inayotumiwa pamoja na nyingine kutibu virusi vya Ukimwi, kwa hiyo ukiiona mkononi mwa mtu usiharakishe kumhukumu. Haiondoi kirusi kabisa, lakini hukilaza, ini likapata nafasi ya kupona na hatari ya kansa ikapungua. Ukishaianza usiiache ghafla bila ya ushauri wa daktari, kwani kirusi kinaweza kuamka kwa nguvu.

Kisha waambie mke au mume wako na watoto wako wapimwe. Wasio na kirusi wachanjwe. Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa kikombe wala sahani. Kinachopaswa kutengwa ni wembe, mswaki na kikata kucha.

CHANJO IPO

Ugonjwa huu una kinga bora kuliko maradhi mengi tunayoyaogopa. Nchini Kenya, tangu 2001, chanjo ya homa ya ini aina ya B imekuwa ndani ya sindano moja inayokinga maradhi matano, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hesabu miaka yako. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, yaelekea hukuipata ukiwa mtoto.

Kisiwa cha Taiwan kilianza mpango wa kuwachanja watoto wachanga mnamo 1984. Miaka iliyofuata, kansa ya ini miongoni mwa watoto wake ilipungua sana. Hiyo ilikuwa mojawapo ya chanjo za kwanza kuthibitishwa kuwa zinazuia kansa.

Lakini kuna mwanya. Mtoto anayeambukizwa anapozaliwa hawezi kusubiri wiki sita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto apewe chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo wewe mama mja mzito, unapohudhuria kliniki, uliza kama damu yako imepimwa homa ya ini aina ya B. Ukiwa nayo, uliza kuhusu dawa za kupunguza virusi wakati wa ujauzito. Uliza pia mapema ni wapi mtoto wako atapata chanjo hiyo siku ile ile atakayozaliwa. Panga mambo hayo kabla uchungu haujaanza, hasa ikiwa unaishi Oldonyiro au Merti, ambako safari ya kufika mjini ni ndefu.

Mtu mzima ambaye hana kirusi huchanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Wahudumu wa afya, vinyozi, wakunga, wangariba na watu wenye jamaa aliyeambukizwa wasikose. Sindano moja haitoshi, kwa hiyo andika tarehe za nyingine mbili usije ukazisahau.

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

Nenda katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo, au kituo chochote kikubwa cha afya kilicho karibu nawe, uulize kipimo cha homa ya ini aina ya B na C. Majibu yakiwa mema, uliza kuhusu chanjo. Yasipokuwa mema, anza kufuatiliwa.

Nunua wembe wako mwenyewe. Ukienda kwa kinyozi, mwombe asafishe mashine kwa dawa mbele yako. Akinuna, tafuta mwingine.

Tafuta kitabu cha kliniki cha mtoto wako, utazame kama sindano zote tatu zimetiwa alama. Iliyokosekana bado inaweza kutolewa.

Chemsha maji. Kagua mahindi. Punguza pombe, au uiache kabisa ikiwa una kirusi.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Katika homa ya ini aina ya B, mara nyingi mwenye maradhi hakuyaficha. Hakujua kwamba anayo, kwa sababu kila asubuhi alijitazama kwenye kioo akaona macho meupe, akashukuru na kwenda zake kazini. Kioo hakiwezi kukuambia ini lako likoje. Tone moja la damu linaweza.